Placida na Wachota Maji Watatu

Placida Kokushubira hakuwa mtu wa kuingia mahali akasimama mlangoni kungoja kukaribishwa. Alipofika Tottenham akiwa muuguzi kijana kutoka Bukoba, aliwakuta wenzake wa nyumba ile kila mmoja anakula chumbani kwake amejifungia. Yeye akaburuta meza hadi sebuleni, akapika ndizi, akawaita mmoja mmoja kwa jina. Wakaja. Ndivyo alivyoishi London tangu siku hiyo. Alipanda hadi akawa msimamizi wa wodi ya mifupa, madaktari vijana wakawa wanapunguza sauti wakimwona anakuja, na wagonjwa wakawa wanamwulizia kabla hata hawajaulizia chai. Aliolewa na Method, Mhaya mwenzake, dereva wa basi, wakajaliwa binti mmoja, Emma, ambaye sasa yuko Croydon na huelewa kila neno la Kiswahili analoambiwa, ila hujibu kwa Kiingereza.

Siku aliyostaafu, alivua viatu, akakaa kwenye kochi na kusema, "Baba Emma, sasa mdomo wote huu nitaupeleka wapi?"

"Si upo nyumbani," Method akajibu bila kuondoa macho kwenye mpira. "Utautumia kwangu kama siku zote."

Lakini mdomo ule ulikuwa na safari yake.

Mvua ndiyo iliyoanzisha mambo. Placida alikuwa amepatana na rafiki yake Zipporah wakutane karibu na mto Thames, maana Zipporah, Mluhya wa Vihiga, alikuwa akimtunza mzee mmoja anayeishi pande zile. Placida akawahi, Zipporah akachelewa, na mvua ikateremka kama imeagizwa. Mbele yake palikuwa na jumba kubwa la picha za kuchorwa, la kuingia bure. Aliingia akitafuta vitu viwili tu, choo na mahali pa kukaa. Choo alikipata. Mahali pa kukaa palikuwa benchi moja katikati ya chumba, na benchi lile lilitazamana na picha moja pana, karibu urefu wa kitanda.

Wanawake watatu wanapanda mlima kutoka mtoni. Kila mmoja ana mti mabegani, na kwenye kila ncha ya mti inaning'inia ndoo. Wa kwanza ana uso wa manjano, wa pili uso wa kijani, na wa tatu, aliye nyuma kabisa, uso wake ni wa rangi ya matofali na mdomo uko wazi. Mbingu nyekundu. Miguu yao mitupu imepakwa rangi nene, mikubwa kupita kiasi, kila unyayo kama mkate wa boflo.

Placida alianza kwa kuwapima, maana kazi haimtoki mtu kwa sababu amestaafu. Yule wa manjano, akasema moyoni, ini hilo. Wa kijani, kichefuchefu, apewe beseni. Na huyu aliyechora ndiye mgonjwa kuliko wote. Akacheka peke yake. Akageuka kutazama picha nyingine, nzuri, yenye maua kwenye chombo. Akairudia ile. Maua yalikuwa yamekwisha kusema yote yaliyokuwa nayo, lakini wale wanawake walikuwa bado wanapanda.

Basi akatazama miguu, na hapo ndipo kitu kilipomgusa. Akakumbuka baridi yake ya kwanza katika mji huu, alipokuwa akitoka zamu ya wodini na kuanza kupanda ngazi za bweni la wauguzi. Lifti ilikuwa haifanyi kazi. Kila ngazi miguu yake ilizidi kuwa mikubwa. Si kwamba ilivimba. Kwa macho ilikuwa miguu ile ile, lakini mwenyewe, kwa ndani, alijua kabisa kwamba amebeba magogo. Kumbe mtu anaweza kuyachora yale! Mchoraji hakuchora miguu kama inavyoonekana na jirani. Aliichora kama inavyojulikana na mwenye miguu.

Zipporah alipompigia simu kumwambia amefika, Placida alimjibu, "Ingia ndani, usinitoe nje. Kuna watu nataka uwaone."

Zipporah akaja, koti linachuruzika, akaitazama picha kwa adabu. "Mama Emma," akasema, "hawa watu wako ni wagonjwa ama ni mimi?"

"Hata mimi nilianza hivyo hivyo. Kaa."

Zipporah akakaa, lakini njaa ilikuwa imemshika, na baada ya muda mfupi wakaenda kula.

Placida alirudi wiki iliyofuata, na nyingine tena. Alijifunza jina la mchoraji kutoka kwenye kibao cha ukutani, Yelizaveta Gorodnikova, akalikariri ndani ya treni ya Victoria mpaka likamkaa mdomoni, ingawa liliongezeka irabu moja au mbili njiani. Picha ilichorwa mwaka 1913. Walinzi wakamzoea. Na siku moja mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kijani akaja kukaa naye benchini, akajitambulisha kuwa anaitwa Leena, anashughulika na elimu ya wageni pale jumbani.

"Samahani kukuuliza," Leena alisema. "Mbona huwa unakuja kwa picha hii tu?"

"Kwa sababu hatujamalizana," Placida akajibu.

Leena akapenda jibu lile. Akamweleza habari za vijana wa Urusi wa zama hizo, jinsi walivyochoka kunakili maumbile kama kioo, wakaanza kutazama sanamu za zamani za makanisani kwao na picha za rangi kali zilizokuwa zikiuzwa sokoni kwa wanavijiji. Walitaka rangi iseme kilicho ndani ya mtu. Placida, aliyelelewa na masista, akaangalia upya yale macho makubwa ya wanawake, yaliyotulia juu ya miili inayohangaika, akayatambua. Aliwahi kuyaona kwenye picha ya Bikira Maria iliyokuwa ukutani shuleni kwao. Jambo hilo asingeling'amua peke yake, akafurahi kuambiwa.

Ndipo Leena akatoa alilokuja nalo. Jumba lilikuwa linatafuta watu wa London watakaowaongoza wageni kwa lugha zao wenyewe. Walikwisha kuwapata wa Kipolishi, Kibengali na Kireno. "Je, wewe lugha yako..."

"Kiswahili," Placida akasema. "Nitafanya. Niambie tu siku."

"Utahitaji muda wa kufikiri?"

"Nimekuwa nikifikiri hapa tangu mvua za masika. Niambie siku."

Nyumbani, Method alilipokea jambo hilo kwa kicheko kirefu. "Wewe? Picha za Warusi? Watu wa jumuiya watakuja kuangalia watu wa kijani?"

"Watakuja kwa sababu nitawaita."

Zipporah naye akawa na shaka yake. "Unajua hawa watu wetu, Mama Emma. Saturday ndiyo siku wanafanya kazi sana. Na wasiofanya kazi wamelala. Na wasiolala wako kwa harusi."

"Basi wewe utamleta Naftali, tuanze na mmoja."

Naftali alikuwa mume wa Zipporah, mtu wa kazi za ujenzi, mwenye mabega mapana na maneno machache ya kukatisha tamaa. Zipporah akaguna. Kumleta Naftali kwenye jumba la picha ilikuwa sawa na kumleta ng'ombe ghorofani. Lakini aliahidi.

Kilichomsumbua Placida kidogo ni lugha yenyewe. Leena alitaka kichwa cha tangazo, na ule mtindo wa uchoraji una jina lake la Kizungu, refu, ambalo ukilivika Kiswahili linatoka kama jina la dawa ya kikohozi. Alizunguka nalo jikoni kwa siku kadhaa. Mwisho akiwa anakatakata vitunguu akamsikia Method sebuleni akimsema mtu kwenye simu, "Yule bwana ana roho nyeusi, nakuambia, nyeusi tii!" Placida akaweka kisu chini.

Nani aliyewahi kumpasua yule bwana akaiona roho yake? Mbona hakuna aliyebisha rangi? Tunasema fulani moyo wake mweupe, fulani uso umemwiva, na hatuongopi. Tumekuwa tukipaka rangi hivi tangu babu zetu, tena bila brashi. Jioni ile akamwandikia Leena tangazo: *Rangi za Moyoni. Njoo uone picha moja, kwa Kiswahili.* Akalipeleka kanisani, akalipeleka dukani kwa Wakongo, akalipeleka kwenye kila kundi la simu alilomo, na ni mengi.

Siku ikafika, Jumamosi ya baridi kali, na mvua ya usiku kucha ikaendelea asubuhi. Watu wakaja. Hawakujaza ukumbi, lakini walikuja: wauguzi wawili aliowafundisha kazi, walezi wa wazee waliobadilishana zamu, wanafunzi wa chuo kutoka Moshi, mama mmoja mtu mzima wa Mombasa aliyevaa buibui na raba nyeupe, na Zipporah akiwa amemshika Naftali mkono kama mtu anayesindikiza mshtakiwa. Method hakuja. Alisema goti linamwuma.

Placida alipokuwa anawasalimia mlangoni, Leena akamjia mbio, uso umemshuka.

"Paa limevuja," akasema. "Kile chumba chetu. Picha zote zimeshushwa tangu alfajiri. Wachota maji hawajapata dhara lolote, lakini wamepelekwa ghalani na hawatarudi leo. Nisamehe sana. Tunaweza kuahirisha. Au nikuonyeshee kwenye skrini?"

Placida akatazama watu wake, makoti yamelowa, kila mmoja ameacha kitu ili awe pale. Akauliza, "Chumba cha kukaa kipo?"

"Cha mafunzo, chini."

"Kinatosha. Na hizo ndoo zinazokinga maji kule juu, nipe mbili. Zenye maji yake. Na mti wa kudekia."

Leena akamtazama kama anayetaka kuuliza, halafu akaenda kuleta.

Chumbani, Placida aliwaambia ukweli bila kuuzungusha. "Picha haipo. Paa limevuja, wameificha isiharibike. Skrini ipo, lakini nimeikataa, kwa sababu nyekundu ya skrini ni ya taa, na ile nyekundu ni ya mkono wa mtu. Kwa hiyo leo tutaijenga hapa. Atakayetaka kuondoka aondoke, simlaumu."

Hakuna aliyeondoka. Naftali alijaribu kuinuka, Zipporah akamkalisha.

"Shemeji Naftali," Placida akasema, "ukishainuka usikae. Njoo."

"Mimi nimebeba vitu mjengo maisha yangu yote," Naftali alisema akija mbele. "Sihitaji picha iniambie uzito ni nini."

"Ndiyo sababu nimekuita wewe na sikumwita mwanafunzi."

Akamwekea mti wa kudekia mabegani, akaning'iniza ndoo, moja kila upande. "Sijui Kiswahili chake huu mti," akakiri. "Kwetu maji yanakaa kichwani."

"Mzegazega, mwanangu," mama wa Mombasa akasema kutoka kwenye kiti chake. "Zamani wauza maji mjini kwetu wakipita nayo hivyo. Hebu mwambie asiushike kwa nguvu hivyo, ataumia shingo. Auache ucheze."

Naftali akalegeza mikono. Maji yakatikisika.

"Sasa panda mlima," Placida akasema. "Hapo hapo ulipo. Inua goti. Usitazame chini, huyu mwanamke hatazami chini hata kidogo. Anatazama mbele, macho makubwa, kama ya sanamu ya mtakatifu. Shuka kiuno. Bado. Hapo! Kaa hivyo hivyo."

Naftali akakaa hivyo hivyo. Watu walianza kwa kucheka, kisha kicheko kikapungua, maana mtu mzima aliyesimama nusu hatua na ndoo mbili za maji si kichekesho kwa muda mrefu. Placida alimwacha. Alingoja mpaka misuli ya paja ilipoanza kutetemeka.

"Niambie, Shemeji. Mguu wako sasa hivi una ukubwa gani?"

Naftali akahema. "Huu wa mbele? Huu ni kama gunia la simiti."

"Asante. Ndivyo alivyouchora. Weka chini, pumzika." Akawageukia wengine. "Mmesikia? Hakusema saizi ya kiatu. Mmemwamini, na mnaona mguu wake ni wa kawaida. Yule mama wa Kirusi naye anaomba mumwamini hivyo hivyo."

Halafu akaingia kwenye rangi. Akawauliza kuhusu roho nyeusi na moyo mweupe, na chumba kikachangamka, kila mtu ana mfano wake. Akawauliza uchovu una rangi gani. Mwanafunzi mmoja akasema kijivu. Muuguzi mmoja akakataa katakata: uchovu ni manjano, ile ya taa za barabarani unapotoka zamu na jua halijachomoza, inayomfanya kila mtu kituoni aonekane maiti. "Basi wewe umemwona mwanamke wa kwanza," Placida akamwambia. Wa kijani wakambishania sana. Zipporah akasema kijani ni wivu, mama wa Mombasa akasema ni mimba changa, na wote wakaigeukia ile ya pili, jinsi mwanamke anavyoweza kupanda mlima na ndoo huku tumbo linamchafuka na hajamwambia mtu. Placida hakuwa amewahi kuliwaza hilo. Akaliweka moyoni.

Leena alikuwa amesimama ukutani, haelewi neno, lakini hakuondoka.

Walipokuwa wanavaa makoti, Naftali akamsogelea Placida huku anajikanda bega. "Na wa tatu? Umetuambia wawili tu vizuri. Wa tatu anafanya nini?"

"Mdomo wake uko wazi. Analia kwa kuchoka."

"Umejuaje?"

"Nimemtazama muda mrefu."

Naftali akatikisa kichwa polepole. "Huyo mpaka nimwone mwenyewe," akasema.

Paa likatengenezwa. Majira ya kuchipua majani, Leena akapiga simu kusema wachota maji wamerudi ukutani, na Placida akapeleka habari. Kundi zima likaja, na wengine wakaja na watu wao. Safari hii aliwaongoza moja kwa moja hadi kwenye benchi, akakaa, akanyamaza. Kwake hilo lilikuwa jambo zito kuliko kuzungumza.

Wao ndio waliozungumza. Waliilaki ile picha kama jamaa aliyetajwa sana nyumbani na sasa ameshuka kwenye ndege. "Kumbe ni kubwa hivi!" "Ulisema mbingu nyekundu, Mama Emma, hii siyo nyekundu, hii ni ya pilipili iliyokauka." Mama wa Mombasa akaukagua mti na kusema umeinama sawasawa, huyo aliyechora amewahi kubeba au amewahi kumwona mtu abebaye, si bure. Naftali aliwapita wote. Alikwenda upande wa kushoto, kwa yule wa tatu, akasogea, akasogea tena, akanyoosha kidole kuuonyesha mdomo, na kengele ikalia chumba kizima.

Mlinzi akaja. "Rudi nyuma kidogo, bwana."

"Pole, pole," Naftali akasema, akarudi hatua moja. Akageuka, uso umechangamka kuliko Zipporah alivyowahi kuuona nje ya uwanja wa mpira. "Huyu halii! Mama Emma, umetudanganya. Huyu anaita mtu. Tazama shingo. Mtu analia shingo imeanguka. Huyu shingo imesimama. Kuna mtu amebaki huko chini mtoni na huyu anamwita aje."

"Anaimba," Zipporah akasema. "Kwetu hakuna mtu anabeba maji akinyamaza. Anaimba, na hawa wa mbele wanamwitikia, ndiyo maana wanapanda."

"Wa mbele wamefunga midomo."

"Wataitikia. Hawajafika kwa kiitikio."

Chumba kikagawanyika. Wanafunzi wakawa upande wa Naftali, wauguzi upande wa Zipporah, na Waingereza wawili waliokuwa wanapita wakasimama kusikiliza ugomvi wasioufahamu. Placida akainuka benchini na kwenda kumtazama mwanamke wa tatu kama hajawahi kumwona. Alimtazama shingo. Kweli ilikuwa imesimama. Kwa miezi yote ile alimpa yule mwanamke uchovu wake mwenyewe, uchovu wa zile ngazi za bweni, na yule mwanamke aliupokea bila kulalamika.

"Mimi bado nasema analia," akasema, maana hakuwa mtu wa kuangusha silaha upesi. "Lakini shingo hiyo, Shemeji, nakupa."

"Unanipa shingo peke yake?"

"Kwa leo."

Leena alimwomba aendelee, na sasa kila baada ya muda Placida huwaongoza watu kwa Kiswahili, na wachota maji huwa ndio kituo cha kwanza. Huwaambia wageni maoni yote matatu kuhusu ule mdomo, na hutaja nani alisema nini. Naftali huja asipokuwa kazini, husimama nyuma na mikono mfukoni, akingoja shingo yake itajwe. Mama wa Mombasa amewaleta mashoga zake.

Method alikuja mwisho wa kiangazi, goti limepona ghafla. Hakutaka kundi. Alikuja na mkewe peke yao, siku ya katikati ya juma, amevaa koti lake la kanisani. Placida alimwonyesha benchi tu. Method akakaa, akaegemeza mikono yake mikubwa ya dereva juu ya mapaja, akaitazama picha hadi Placida akaanza kudhani amesinzia.

"Hii nyumba ya juu kule," Method akasema mwishowe, akionyesha kwa kidevu kibanda kilicholala upande kileleni mwa mlima, pembeni kabisa, ambacho hakuna aliyewahi kukitaja. "Ndiko wanakokwenda?"

"Ndiko."

"Ni ndogo. Haitatosha watatu."

Placida akakaa karibu naye. "Endelea, Baba Emma," akasema. "Nakusikiliza."

Na Method, aliyewahi kuwacheka watu wa kijani, akavuta pumzi akaanza kueleza.